Asubuhi Ile Nilikusikia

Kaka Shomari,

Shikamoo.

Nimeandika hiyo shikamoo, kalamu ikasimama yenyewe kusubiri marahaba. Mazoea yana tabu. Nimekaa kizingitini, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na upande wako wa bonde hauonekani kabisa. Ukungu wa namna hii ndio tuliokuwa tukiupenda, kwa sababu mtu haonekani lakini sauti inapita. Ulikuwa ukisimama kwenye lile jiwe lako unaita, "Zaituuu!" nami naitika, "Abeee!" bila kukuona hata unyayo, na bado nilikuwa najua umevaa lile koti la mvua lililochanika begani.

Nakuandikia kwa sababu barua haisubiri kuitikiwa. Unakumbuka mama alivyotufundisha: ukimwita mtu ng'ambo ya bonde, usimwage habari mpaka aitike. Asipoitika, habari yako kaa nayo. Alikuwa akisema, ukitangaza msiba bondeni kabla hujaitikiwa, nani ataupokea, nyani? Tukacheka, lakini tukaishika. Sijawahi kukusikia ukisema jambo lolote kutoka kwenye jiwe lile kabla ya abee yangu. Hata siku Asha wako alipozaliwa uliita mpaka sauti ikakukauka, kwa sababu mimi nilikuwa mtoni nafua, na hukusema kitu mpaka nilipopanda na mapovu mikononi nikaitika.

Watu wa mjini wakifika huku juu ya Bigwa wanatushangaa. Simu mnazo, mnapigiana makelele ya nini? Hawajui kwamba upande wako mtandao unapatikana juu ya jiwe lile lile. Ulisema mwenyewe, "Nikishapanda jiwe, salio la nini, na koo ninalo?"

Habari za huku ni hizi. Mbuzi wako mweusi amezaa mapacha. Ule mdalasini uliokuwa ukisema umekufa umechipua chini kabisa, karibu na mizizi. Wifi Mwajuma yuko ndani, anakaa eda yako, amekonda ila anakula. Asha anakwenda shule na hasemi sana. Koti lako liko msumarini nyuma ya mlango, na nimekatazwa kulishona. Wifi kasema nikilishona nitalitoa mkono wako, na sijamuuliza ana maana gani, nimeelewa tu.

Mimi ni mzima. Midomo yangu pia mizima, usiwe na wasiwasi.

Sasa nikuulize jambo ambalo limenikalia kooni tangu hospitali. Ulinisikia?

Ngoja. Nimeanza mwisho. Wewe ulikuwa ukinisema kila siku, Zaitu unasimulia kama anayeshuka mlima kwa makalio.

Lilianza na posa ya Rehema wangu. Barua ya wale watu wa Kihonda ililetwa masika yakiwa yamechanganya, wazee wawili wenye kanzu zilizoloa matope hadi magotini, na mimi nikaona haya kuwarudisha. Nikaifungua. Nikaisoma. Nikasema tumekubali. Mimi, Mluguru niliyezaliwa mlimani, nikakubali posa ya binti bila mjomba wake kuijua! Shehe atamtaka baba mtu siku ya ndoa, sawa, lakini kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la kwanza ni la mjomba. Nililijua hilo. Niliharakisha tu, nikiwaza moyoni, Shomari ni wangu, ataelewa.

Hukuelewa. Ulikuja, ukakataa kukaa, ukasema mbele ya majirani, "Ndiyo maana mume alikukimbia. Kiburi." Nami nikakujibu, "Mtoto nimemzaa mimi, hujamzaa wewe." Ukaondoka bila kunywa hata maji.

Neno langu lilikuwa baya. Lako lilinichoma. Baba yake Rehema alipoondoka kwenda kuanza maisha mengine mjini, wewe ndiye uliyenikuta nimelala chini sakafuni, wewe ndiye uliyesema kosa si langu. Halafu likatoka mdomoni mwako wewe, mbele ya watu.

Kesho yake asubuhi uliita. "Zaituuu!" Nilikuwa nakoka moto. Nikanyamaza. Keshokutwa ukaita tena. Nikachukua simu nikaifungia namba yako, nikajisikia mkubwa. Masika yakaisha, kipupwe kikapita, vuli ikaanza kunyesha, na kila asubuhi, kaka, kila asubuhi ya Mungu, uliita. Mara moja, mara mbili, siku nyingine mara tatu. Rehema alikuwa akinitazama kwa jicho la kuomba. Namwambia, "Kwani wewe umesikia mtu?" Anainamisha kichwa.

Siku ya mwisho uliita mara tatu. Nilikuwa naosha sufuria nje, nimekupa mgongo ingawa hatuonani. Mwito wa kwanza ulikuwa wa kawaida. Wa pili ulikuwa mrefu. Wa tatu ulikuwa wa chini kidogo, kana kwamba umeshageuka kuondoka. Nikasugua sufuria mpaka masizi yote yakatoka.

Adhuhuri ikaita sauti nyingine kutoka kwenye jiwe. Sauti ya wifi. Nami nikaitika palepale, mwito wa kwanza haujaisha. Wewe nilikunyima tangu masika, yeye nikampa kabla hajamaliza jina langu. Na yeye maskini, mume wake ameanguka kutoka juu ya mfenesi, amelala chini na damu sikioni, alisimama akasubiri niitike ndipo aseme. Mama alitufunza vizuri kupita kiasi.

Walikubeba kwenye kitanda kushuka Bigwa, wanaume wanne wakipokezana, njia inateleza. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika kiatu chako kimoja. Sijui kwa nini nilikibeba.

Hospitali yenyewe naikumbuka kama kitu nilichoota. Pazia la kijani. Mashine inavuta pumzi na kuitoa, inavuta na kuitoa, na kifua chako kinafuata kwa adabu. Nesi wa siku ya kwanza, mama mtu mzima, aliniambia, "Ongea naye, dada, usimkalie kimya. Mgonjwa haachwi peke yake." Nikavuta kigoda nikaanza kunong'ona. Pale watu wote wananong'ona, hata wafagiaji. Kaka, mimi na wewe tumewahi kunong'onezana lini? Maneno yalinitoka kama ya mtu mwingine. Kaka, upate nafuu. Kaka, tunakuombea. Maneno ya kadi! Kila nikitaka kusema lile hasa, nilikuwa nasubiri kwanza uitike. Nimezoea hivyo. Nasema "kaka," nasubiri. Siku mbili zikaenda hivyo.

Siku ya tatu daktari akaniita pembeni. Kijana mpole, aliniamkia kwanza, shikamoo mama, nikajua hana habari njema. Akasema ubongo umekufa. Hukusinzia wala hukuzimia, umekufa, na mashine ndiyo inayopumua. Nikamuuliza, ananisikia? Akasema hapana, mama, sehemu inayosikia haipo tena. Akanieleza walivyokupima: wamekumulika macho, wamegusa mboni kwa pamba, wamekumiminia maji ya barafu sikioni.

Nikamkatiza. Maji sikioni?

Kaka, unajua nilichokiona pale. Nilikuona wewe una miaka kumi na mbili, umelala chali kwenye jamvi, na mimi nanyata na maji ya mto kwenye jani la gimbi. Matone mawili tu kwenye sikio la kulia. Ulikuwa unaruka mpaka unagonga boriti ya paa! Ukanikimbiza mteremko mzima hadi mtoni ukiapa utanizamisha, na hukuwahi kunizamisha. Hata ulipokuwa mume wa mtu, siku moja ya Idi nilikufanyia vile mbele ya wifi na wewe ukaruka na sahani ya pilau. Hakuna usingizi wako uliowahi kuyashinda maji yale.

Daktari alisema lazima warudie vipimo kabla ya kusema neno la mwisho. Nikamwomba nisimame nione. Akasita, akakubali. Nilisimama upande wa miguu yako. Wakafungua macho yako wakayatazama, wakamimina. Maji yakaingia, mengi, ya barafu. Hata kope. Mwilini mwako hakuna kilichotikisika.

Hapo ndipo nilipojua. Maneno ya daktari nilikuwa nayasikia tu, lakini maji yale mimi nayafahamu.

Ungedhani basi ningetulia. Nitulie mimi? Saa ya kuagana walituruhusu tuingie wachache: wifi, mama mdogo, Rehema na mimi. Wifi alikushika mguu, mama mdogo anasoma Yasini kwa sauti ya chini. Nikaweka viganja mdomoni kama tunavyoweka huku, nikaita. Kwa sauti ya bonde, ile kamili. "Kaka Shomariii!" Askari wa mlangoni alikuja mbio. Mgonjwa wa pazia la pili alianza kukohoa. Nikaita tena. Hukuitika. Basi nikavunja sheria ya mama, nikamwaga habari bila kuitikiwa. Nikasema, "Kaka, nimekosa! Rehema anaolewa, sema neno!"

Mkono wako wa kulia ukainuka.

Uliinuka kutoka kwenye shuka, kama shubiri moja, vidole vimekunjwa, ukatua kifuani taratibu. Wifi akapiga yowe. Mama mdogo akaacha Yasini akasema, "Allahu akbar, ameruhusu! Mjomba ameruhusu!" Rehema akakulalia miguuni. Nami nilisimama na viganja vyangu bado viko mdomoni.

Daktari akaja. Akasubiri tulie kwanza, namshukuru kwa hilo. Halafu akasema, "Mama, huo ni uti wa mgongo. Bado una damu, unajikunja wenyewe. Hautoki kwake. Poleni sana." Nikawaza kuku aliyekwisha kuchinjwa, anavyorukaruka uani, nikaona haya kuwaza hivyo juu yako. Lakini ndicho nilichowaza.

Asubuhi yake walizima mashine. Ulikwenda kimya, wewe mtu wa makelele. Alasiri tukakuzika chini ya migomba ya mama, na mvua ikanyesha ndogo, ile isiyolowesha.

Tangu siku hiyo naota ndoto moja alfajiri, kabla jogoo hajawika. Naota ni mimi niliyelala pale nyuma ya pazia la kijani. Mpira uko mdomoni. Ukungu umeingia wodini, umefika magodoro, na migomba imeota kati ya vitanda. Kutoka ndani ya ukungu unaita, "Zaituuu!" Nakusikia vizuri, nasikia mpaka mkwaruzo wa koo lako la asubuhi. Nataka kuitika, mdomo hauna nguvu. Unaita mara ya pili. Watu waliosimama kando ya kitanda wanaambiana, huyu hasikii, mwacheni. Nami nasikia! Halafu unaita ile ya tatu, ya chini kidogo, na naamka nimeuma shuka.

Mara ya kwanza nilidhani ni mzimu wako unanisumbua. Nikasema ana haki. Baadaye ndio nikaielewa. Nimekuwa nikimuuliza kila mtu, shehe, daktari, nesi, hata mama mdogo: mtu aliyenyamaza, anasikia au hasikii? Kumbe katika mlima huu wote, mimi ndiye ningetakiwa kuulizwa. Mimi nimenyamaza tangu masika mpaka vuli, na nilisikia kila mwito.

Arobaini yako ilisomwa nyumbani kwako. Watu walijaa mpaka kwenye miti ya karafuu. Siku iliyofuata wazee wa ukoo wakakaa barazani pako kwa ajili ya Rehema, maana wale wa Kihonda wamesubiri kwa heshima na hawakutuma hata neno moja la kusukuma. Mzee mmoja akauliza ilivyo desturi: mjomba wa binti alisemaje kabla hajafariki? Mama mdogo akajibu haraka, "Aliinua mkono. Tumeona kwa macho yetu." Wazee wakatikisa vichwa, mashallah. Mmoja akafuta chozi. Wote wakanigeukia mimi, nithibitishe tu, yaishe.

Kaka, ilikuwa rahisi. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi kama kumeza uji. Rehema ananitazama na lile jicho lake. Na mkono kweli uliinuka, sikuwa na haja ya kudanganya.

Nikasema, "Wazee wangu, mkono uliinuka, lakini mimi sitausemea. Kaka yangu hakuruhusu, kwa sababu sikumwuliza alipokuwa na sauti yake. Aliniita miezi yote hii sikuitika. Kosa ni langu mimi, lisiwekwe kwenye mkono wake."

Mama mdogo alinikata jicho, lile lake la kukausha maziwa ya mtu. Nililia, sikujificha. Mwisho yule mzee wa kwanza akakohoa, akasema, "Umesema kama mtoto wa mama yako." Akaongeza kwamba ukoo haukosi mjomba, na yeye mwenyewe, aliye ndugu wa mama yetu, atasimama mahali pako, lakini mkeka wako wewe utatandikwa na hakuna atakayeukalia. Nikatozwa faini ya mbuzi mmoja kwa kukubali posa peke yangu. Nimelipa. Ni haki yangu, tena ungekuwepo ungedai wawili.

Rehema ataolewa mwezi ujao. Mkeka ni ule wako wa ukindu, wenye doa la kahawa.

Watu walipotawanyika niliingia chumbani kwa wifi. Alikuwa amekaa na kaniki yake, anachambua mchele asiokuwa na haja ya kuuchambua. Nikamuuliza lile ambalo sikuthubutu tangu msibani. Nikamwambia, wifi, siku ile ya mwisho aliita mara tatu. Alikuwa na habari gani? Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Kwamba ulitaka kunilaani. Kwamba ulitaka kuruhusu. Kwamba ulikuwa unaumwa unataka msaada. Tangu msiba nimetunga habari mia ulizotaka kuniambia, na kila moja imenila kwa namna yake.

Wifi hakuinua macho kwenye ungo. Akasema, "Hakuwa na habari. Hata mimi nilimwuliza, kila siku unamwitia nini huyo dada yako? Alinijibu, sina la kumwambia, nataka aitike tu."

Nataka aitike tu.

Nimevuka bonde kurudi kwangu na maneno hayo. Sikumbuki nilipita wapi, sikumbuki mto. Nakumbuka ukungu, na kwamba nilikuwa natembea huku mdomo wazi kama mjinga.

Basi hilo la kama ulinisikia pale hospitali, nimeacha kuliuliza. Daktari alisema hapana, na yale maji yalisema hapana, na mimi si mtu wa kubishana na maji. Sikuwa na kingine nilichotaka pale kitandani. Habari za Rehema zilikuwa kisingizio. Nilitaka uitike tu. Kumbe tulikuwa tunaitana kwa jambo lile lile, wewe juu ya jiwe na mimi nyuma ya pazia, na aliyekuwa na uwezo wa kuitika kati yetu nilikuwa mimi.

Ukungu umeanza kupanda. Naliona paa lako sasa, na moshi wa jikoni. Wifi amesema akitoka eda atapanda jiwe mwenyewe, na Asha amekwisha kuanza kujaribu sauti yake. Ni nyembamba lakini inafika. Nakuahidi hivi, na Mungu anishuhudie: sauti yoyote itakayoniita kutoka upande wako, iwe imekuja kwa heri au kwa ugomvi, nitaiitika kabla haijamaliza jina langu. Hata nikiwa nimenuna. Nitaitika kwanza, ninune baadaye.

Namba yako nimeifungulia. Najua, ni ujinga. Niache na ujinga wangu.

Lala, mwana wa mama. Migomba inakutazama, na sisi tupo. Barua hii nitaikunja niifukie pale kwenye udongo, upande wa sikio la kulia. Kisha nitasimama, nitaweka viganja mdomoni na kumaliza kazi niliyoiacha na sufuria mkononi. Siku ile uliniita mara tatu, na zote tatu nilizisikia.

Abee.

Abee.

Abee, kaka.